Babu alikuwa Keya, lakini hati ya shamba haiko London

"Shikamoo mzee. Babu yangu mzaa baba alipigana Vita vya Pili. Kwetu ni Kongwa, ingawa enzi hizo yote ilikuwa Mpwapwa. Alifariki 1989. Tumebaki na medali mbili, moja ya nyota na moja ya duara, na karatasi iliyochakaa yenye namba. Nyumbani tumekua tukiambiwa Waingereza walimpa shamba la ekari 40 kama shukrani ya vita, na hati yake iko London. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji iliwahamisha, shamba likawa mahame, na sasa linalimwa na watu wengine. Kuna bwana hapa Dodoma anasema tukimpa laki nane ataileta hati hiyo. Halafu shangazi yangu, mwenye miaka 84, anasema babu yake yeye alikuwa askari wa Mjerumani kwenye boma la Mpwapwa. Nataka kuandika ukoo wetu, na nataka turudishiwe shamba. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lisiloweza kusubiri: hiyo laki nane ibaki mfukoni. Hati anayoiuza huyo bwana haipo. Nitakueleza kwa nini haipo, ili kesho akija mwingine mwenye bei nafuu zaidi usitikisike.

Umefunga mambo mawili kwenye furushi moja: babu alikuwa nani, na shamba ni la nani. Nimetunza majalada ya serikali hadi nikastaafu, na nimeona familia zikikosa yote mawili kwa kutoyatenganisha. Kumbukumbu za jeshi zinaweza kukufikisha mbali katika la kwanza. Katika la pili hazina mchango, hata ungezipata zote zikiwa na mihuri.

Tuanze na hilo shamba la shukrani. Mjerumani alitoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi ambayo hakuna mtu anayethibitisha kuwa yake ni ya dola. Mwingereza akaja na Sheria ya Ardhi ya 1923, ikaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Mzungu wa mkonge alipewa hati ya miaka isiyozidi 99. Mwafrika wa kijijini, kwa marekebisho ya 1928, alitambuliwa kuwa anaimiliki ardhi yake kwa haki ya mila, basi. Kutambuliwa huko hakukuwa na karatasi, hakukuwa na ramani, wala hakukuwa na nakala ya kupelekwa ng'ambo. Askari Mwafrika alipovua gwanda mwaka 1945 au 1946 alirudi na kiinua mgongo cha fedha na cheti cha kumaliza utumishi, na medali zikamfuata. Hati ya ekari 40 haikuwa sehemu ya mzigo huo. Hata kama ingekuwepo, ingesajiliwa hapahapa nchini, maana daftari la hati za Tanganyika lilikuwa Tanganyika.

Sisemi babu alidanganya. Hadithi za namna hii mara nyingi zina mfupa wa kweli ndani yake, nyama ndiyo imeongezeka njiani. Huenda fedha za jeshi zilinunua ng'ombe, ng'ombe wakaleta watu wa kulima, na mtemi au jumbe akamkatia eneo kubwa kwa sababu alikuwa mtu aliyeona dunia. Huenda pia ni habari za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale Kongwa ule mradi mkubwa wa karanga, wakajenga na reli kutoka Msagali, wakaajiri watu wengi waliotoka vitani kwa sababu walijua kuendesha magari na kushika spana. Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kuachana nao. Mtu aliyefanya kazi pale, kisha akalima kando ya eneo lililosafishwa na matrekta, angeweza kuwaambia wajukuu wake kwamba "hapa nilipewa na Wazungu", nao wajukuu wakaunganisha na medali. Muulize shangazi kama babu aliwahi kufanya kazi ya karanga. Swali hilo moja linaweza kukuokolea miezi.

Sasa tuje kwa babu mwenyewe. Wengi wanadhani kila aliyekwenda vita vya Hitla alikuwa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika. Siyo. Walikuwepo madereva, watu wa vikosi vya kazi waliojenga barabara na kupakua meli, wauguzi, mafundi wa simu. Nyumbani wote waliitwa Keya kwa sababu ndilo jina lililojulikana. Kwa hiyo usiandike "KAR" kwenye barua yako yoyote mpaka karatasi yenye namba iseme hivyo. Isome kwa utulivu mchana, mlangoni, kwenye mwanga wa pembeni. Inamishe huku na huku, maana wino uliofifia huonekana kwa pembe fulani tu. Nakili namba pamoja na herufi zilizotangulia, mkwaju, nukta, kila kitu. Herufi hizo si urembo, ni sehemu ya namba. Piga picha mbili tatu kwa simu. Na tafadhali, usiipeleke stationari wakaifunge kwenye nailoni ya moto. Nimeona vyeti vilivyokaa miaka hamsini ndani ya sanduku la bati vikiwa vizima, vikaharibiwa kwa dakika moja na mashine ya shilingi elfu moja. Medali nazo usizing'arishe kwa dawa ya shaba.

Medali zenyewe zinasema zaidi ya unavyofikiri. Ile ya nyota ina maandishi ya mviringo katikati kuzunguka herufi za mfalme. Kama yanasema The Africa Star, babu alikuwa upande wa Afrika, na kwa watu wetu mara nyingi hiyo ni vita ya Habeshi (Ethiopia) na Somalia dhidi ya Mtaliano. Kama yanasema The Burma Star, alifika Bama, yaani Burma, ambayo leo ni Myanmar. Kama ni The 1939–1945 Star, alikuwa vitani kweli, lakini haikwambii wapi. Aliyepata Burma Star kwa kawaida alikuwa na hiyo ya 1939–1945 pia, kwa hiyo ukikuta ya Bama peke yake, ujue huenda mwenzake alichezewa na watoto akapotea. Ile ya duara, ikiwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba aliyesimama juu ya joka upande wa pili, ni War Medal ya 1939–1945.

Geuza ukingo wake utafute jina. Kwenye medali za aina hii ukingo kwa kawaida uko mtupu, na watu huvunjika moyo wakidhani babu alinunua medali ya mtu sokoni. Hapana, ndivyo zilivyotolewa. Medali za Waingereza za Vita vya Kwanza ndizo zilizochapwa jina na namba ukingoni. Ukikuta ukingo wenye jina, au upande wa nyuma una mtu uchi juu ya farasi, basi huenda hiyo si ya babu bali ya baba yake, na habari inabadilika. Nitarudi hapo.

Kama alikuwa Keya wa Tanganyika, tazama njia tatu. Batalioni ya kwanza ya KAR ya 6 ilikuwa Habeshi mwaka 1941, kisha ikapelekwa Bukini mwaka 1942. Wazee wa kweli wa kikosi hicho hawasemi Madagaska, wanasema Bukini. Batalioni ya 26 na ya 36, zote za Tanganyika, ziliingia Bama mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, zikashuka bonde la Kabaw wakati wa masika yao, matope na malaria, mpaka Kalewa mwezi Desemba. Kwa hiyo neno moja tu ambalo shangazi alilisikia utotoni, "Bukini" au "Bama" au "Habeshi", lina thamani kuliko maelezo marefu ya ushujaa.

Je, London kuna nini basi? Kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, pale Kew, kuna daftari za kila siku za batalioni hizi: leo tumelala wapi, nani kajeruhiwa, mvua imenyesha. Ni hazina kubwa, na katalogi yao unaweza kuitafuta bure kwenye intaneti. Lakini aliyeandika alikuwa ofisa, na ofisa aliwaandika maofisa kwa majina na askari kwa idadi. Sajenti Nigel Leakey wa hiyo batalioni ya kwanza ya KAR ya 6 alipata Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Waingereza, kwa alilofanya Colito, Habeshi, tarehe 19 Mei 1941, na habari zake utazipata ndani ya dakika tano. Waliokuwa naye siku ile ni "askari". Mafaili binafsi ya askari wa Kiafrika hayakutunzwa London kama ya maofisa Waingereza. Hilo linanikera mpaka leo, ila bora ulijue kabla hujalipa nauli ya mtu. Vilevile ile orodha ya mtandaoni ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ni ya waliokufa tu, na hata hao tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina. Babu alirudi, hawezi kuwemo. Wala usihangaike na JWTZ: lenyewe lilizaliwa Septemba 1964, baada ya jeshi lililorithi Keya kuvunjwa kufuatia maasi ya Januari mwaka huo.

Mahali pa kutafuta ni karibu zaidi. Askari akiwa Bama, mshahara wake sehemu ulilipwa kwa mke huku nyumbani kupitia ofisi ya bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Mke asipolipwa alilalamika. Mtu akikaa kimya mwaka mzima, baba yake aliomba atafutwe. Ng'ombe wa askari wakinyang'anywa na shemeji, kesi ilifika bomani. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa karatasi, na karatasi hizo zikaingia kwenye mafaili ya wilaya za Jimbo la Kati: Dodoma, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, Singida. Mafaili yaliyonusurika yako kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, sehemu kubwa Dar es Salaam, nayo idara ina kituo hapa Dodoma pia. Anzia hapa Dodoma. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, uliza orodha ya mafaili ya Mpwapwa ya miaka ya 1940, na usiulize "faili la babu yangu". Utajibiwa halipo, na atakayekujibu hatakuwa amekosea. Uliza mafaili ya askari na familia zao, ya kodi, ya mabaraza ya watemi. Kisha kaa usome. Ni kazi ya mtu mwenye subira na miwani.

Ukisoma, jihadhari na majina. Karani aliandika alichosikia. Jina la Kigogo linaloanza na "Chi" linaweza kuandikwa "Ki" na karani wa pwani na "Tschi" na Mjerumani, ambaye hata Mpwapwa aliiandika Mpapua. L na R hubadilishana kama watoto kwenye rede. Na jina la ubatizo huenda lilikuja baadaye. Mimi mwenyewe niliwahi kumtafuta mzee mmoja kwa jina la Yohana kwa miezi minne, kumbe alipoandikishwa jeshini alikuwa bado hajabatizwa, na faili lilimwita kwa jina la njaa aliyozaliwa nayo, bin fulani. Jina la baba, kijiji na mtemi wao ndivyo vitakavyokuthibitishia kwamba ni yeye. Jina peke yake halitoshi hata likifanana herufi kwa herufi. Ndiyo maana vitabu vya kanisa ni vya kuvipitia mapema kama familia ni ya Kikristo: wamisionari wa CMS (Church Missionary Society ya Uingereza) walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ipo tangu 1927. Kitabu cha ubatizo humwandika mtu na wazazi wake na kijiji chake kwenye mstari mmoja, na ukibahatika jina la zamani lipo kando ya lile jipya. Stakabadhi za kodi ya kichwa nazo zitafute kwenye sanduku la bibi. Watu walizitunza kuliko picha, maana kukamatwa bila stakabadhi kulikuwa na adhabu.

Huyo askari wa Mjerumani ni mgumu zaidi. Kumbukumbu za jeshi la Kijerumani zilizokuwa Potsdam ziliteketea kwa mabomu Aprili 1945, na askari wa Kiafrika hawakuwa wameandikwa kwa mapana hata kabla ya moto. Kuna hadithi inayosimuliwa kwamba miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mishahara, wazee walifika wengi, wenye vyeti wachache. Ikabidi kila mmoja apewe ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani kuubeba kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Sijui kama siku hiyo ilikuwa hivyo hasa, ila inaeleza vizuri hali ya karatasi zao. Kwa baba wa babu yako ningeangalia mambo mawili. La kwanza, je, alibadilisha upande? Waingereza walishika Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na KAR ya 6 iliundwa mwaka 1917, sehemu kubwa kutokana na askari wa Mjerumani waliotekwa. Hapo ndipo ile medali yenye jina ukingoni inapokuwa na maana. La pili linahitaji ujasiri kidogo: je, alikuwa Mgogo? Mjerumani alileta askari kutoka Sudan na Msumbiji, akaandikisha sana Wanyamwezi na Wasukuma, na wengi waliooa karibu na boma wakabaki na watoto wao wakawa wenyeji. Muulize shangazi mwiko wa ukoo wenu, ule ambao Wagogo huuita mzilo, na ulitoka kwa nani. Akisita kujibu, usimsukume siku hiyo.

Naona nimemtaja shangazi kila aya, na ni kwa sababu miaka yake 84 haitasubiri barua za Dar es Salaam. Kaa naye wiki hii. Usimuulize "babu alijiunga mwaka gani", atakukisia mwaka ili akuridhishe. Muulize watoto walivyofuatana. Yeye kazaliwa takriban 1941. Nani alimfuata, na alimzidi kiasi gani? Nyumba iliyokuwa ikipata mtoto kila baada ya miaka miwili, kisha ikakaa minne au mitano bila mtoto, imekuandikia utumishi wa babu jeshini kuliko faili lolote. Pengo likianza 1940 au 1941, fikiria Habeshi. Likianza 1943, fikiria Bama. Kwa mambo ya nyuma zaidi tumia njaa. Njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920 iliyofuata majeshi kukomba nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, ni kigingi kinachoshika kila ukoo wa Ugogo. Aliyezaliwa kabla ya Mtunya, aliyefia kwenye Mtunya, aliyebadilishwa kwa chakula na kulelewa ukoo mwingine. Hili la mwisho ulizia kwa upole, limeficha watu wengi. Rekodi kwa simu, acha aimbe kama anakumbuka wimbo, na mfikishie mbukwa zangu, yaani salamu kwa Kigogo.

Nimebakiza shamba, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini wakati wa operesheni, kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na haki ya aliyekuwepo kabla ya hapo inahesabika kuwa imezimwa. Babu alihamishwa 1974, katikati kabisa ya kipindi hicho. Juu yake kuna ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi mahakamani, na watu hao wamelima zaidi ya huo. Kwa hayo uliyonieleza, uwezekano wa kurudishiwa mahame yale ni mdogo sana, na kuwafuata wanaolima sasa ukiwa na medali mkononi kutaleta ugomvi bila kuleta ekari hata moja.

Kuna mawili yanayoweza kubadilisha picha, na haya ndiyo ya kumuona mtu ana kwa ana. Kama sehemu ya eneo hilo haikuwahi kugawiwa mtu wakati wa operesheni na familia yenu iliendelea kuilima, hapo kuna la kuzungumza. Au kama eneo liliwahi kupimwa, omba upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, utalipia ada kidogo na kupata stakabadhi ya serikali. Kabla ya yote familia ikae, mteue msimamizi wa mirathi na athibitishwe mahakamani, maana mali ya marehemu haidaiwi na mjukuu tu. Kisha nendeni kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya au kwa wakili, na muanzie halmashauri ya kijiji. Baraza la Kata kwa sasa linapatanisha tu, halitoi hukumu. Nami ningeweka nguvu zaidi kwenye shamba lile mlilopewa 1974, ambalo naamini bado mnalilima. Lina hatimiliki ya kimila? Kama halina, hilo ndilo shamba la babu linaloweza kupotea kesho.

Nitumie namba iliyo kwenye karatasi pamoja na maneno ya kwenye nyota. Andika herufi zote, hata zile zinazofanana na uchafu.